Ukaguzi wa Mtambo wa Usukani wa Gari

Dereva aliyeendesha gari moja kwa miaka mitatu au minne ndiye, mara nyingi, mtu wa mwisho kugundua kwamba usukani wake umelegea. Jambo hili laweza kuonekana la ajabu, lakini sababu yake ni rahisi. Viungo vya usukani havilegei kwa siku moja. Hulika kidogo kidogo, na kadiri vinavyolika ndivyo mikono ya dereva inavyozoea kuuzungusha usukani zaidi kidogo ili gari likate kona ile ile. Mtu mwingine akilishika gari hilo kwa mara ya kwanza hushtuka. Mwenyewe hana habari. Kwa hiyo usukani haukaguliwi kwa hisia ya mikono peke yake, bali hukaguliwa kwa kipimo na kwa macho. Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kufanya hivyo.

Jinsi mwendo unavyosafiri

Katika mikokoteni ya zamani ekseli nzima ya mbele ilizunguka juu ya pini moja. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann alisajili mjini London hataza ya uvumbuzi wa Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa Munich, ambao kwa huo kila gurudumu la mbele lilizunguka juu ya pini yake lenyewe. Faida yake ni kwamba gurudumu la ndani ya kona huweza kukunja zaidi kuliko lile la nje, kama inavyotakiwa. Lakini magurudumu mawili yaliyotenganishwa hayana budi kuunganishwa kwa vyuma, na vyuma hivyo havina budi kuwa na viungo vinavyocheza. Gari la leo limerithi faida hiyo pamoja na udhaifu wake.

Mitambo iliyozoeleka ni ya aina mbili. Katika aina ya kwanza, mhimili wa usukani huingia ndani ya boksi la stelingi lenye meno, nalo husukuma mkono wa chuma unaovuta tairodi. Huu ndio mtambo wa Toyota Land Cruiser na Land Rover nyingi za zamani. Katika aina ya pili, gia ndogo mwishoni mwa mhimili husukuma reki, yaani ufito wenye meno, kulia na kushoto. Peugeot 404 na 504 zilitumia reki, na magari mengi madogo ya siku hizi hutumia reki pia, yakisaidiwa na pampu ya oili au mota ya umeme.

Aina zote mbili huishia kwenye tairodi endi. Hiki ni kiungo chenye tufe la chuma kigumu lililokaa ndani ya kikombe, likizungukwa na grisi na kufunikwa kwa raba ya kuzuia vumbi. Raba hiyo ni kitu cha bei ndogo, lakini uhai wa kiungo unaitegemea. Ikipasuka, maji na mchanga huingia. Mchanga ukichanganyika na grisi huwa mithili ya dawa ile ambayo mafundi husagia vali, na kila gari linapokata kona, kiungo hujisaga chenyewe.

Kwa nini ulegevu ni hatari

Breki za gari la kisasa zimegawanywa katika mikondo miwili, na kando yake ipo breki ya mkono. Mtambo wa usukani hauna akiba ya namna hiyo. Toka mikononi mwa dereva hadi kwenye gurudumu upo mnyororo mmoja tu wa vyuma, na kila pingili ni moja. Tufe likichomoka katika kikombe chake, gurudumu huelekea litakako.

Hata kabla ya kufikia hapo, ulegevu una gharama yake. Tuchukue mfano. Usukani wenye kipenyo cha milimita 380 una mzingo wa milimita 1194. Katika gari ambalo nyuzi 16 za usukani hukunja gurudumu kwa nyuzi 1, ulegevu wa milimita 53 ukingoni, yaani upana wa vidole vitatu, ni sawa na nyuzi 1 ya gurudumu ambayo dereva haitawali. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Kama umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.5, na magurudumu ya mbele yakabaki yamekengeuka kwa nyuzi 1 tu, basi kwa hesabu ya jiometri, bila kutia ndani kuteleza kwa matairi, litakuwa limehama kando karibu mita 1.7 baada ya sekunde hiyo moja. Katika barabara nyembamba, hiyo ni tofauti ya kupishana na kugongana.

Hatua za ukaguzi

Egesha gari mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, na hakikisha matairi yana upepo wa kutosha. Mtafute msaidizi, kwani mtu mmoja hawezi kuzungusha usukani na kutazama viungo kwa wakati mmoja.

1. Kupima ulegevu. Elekeza magurudumu mbele sawasawa. Kama usukani husaidiwa na pampu au mota, washa injini. Tia alama ya chaki kwenye ukingo wa usukani na uweke rula kando yake. Zungusha taratibu upande mmoja mpaka gurudumu lianze kusogea, kisha upande wa pili, ukisoma umbali kati ya mipaka hiyo. Mwongozo wa ukaguzi wa magari wa Uingereza hutumia, kwa usukani wa milimita 380, ukomo wa milimita 13 kwa magari mengi ya reki, na milimita 75 kwa mitambo isiyo ya reki. Kitabu cha gari lako kikitoa kipimo kilicho kikali zaidi, kifuate hicho. Andika kipimo na tarehe katika daftari, kwa maana kipimo kinachokua kutoka mwezi hadi mwezi ni onyo hata kama hakijafikia ukomo.

2. Kutafuta ulegevu ulipo. Magurudumu yakiwa yangali chini, msaidizi autikise usukani kulia na kushoto kwa kasi ndogo. Tazama kila kiungo kwa zamu, kuanzia mhimili hadi gurudumuni. Kiungo kizima husafirisha mwendo mara moja; kibovu huchelewa, na upande mmoja husogea kabla ya wa pili. Tazama pia kama boksi au reki yenyewe inacheza juu ya chesisi. Boliti zilizolegea hapo huonekana kama ubovu wa tairodi, na wengi wamebadilisha vipuri vizima kwa sababu hiyo.

3. Kuinua gurudumu. Inua sehemu ya mbele kwa jeki, kisha iegemeze juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika gurudumu ubavuni, mkono mmoja kulia na mwingine kushoto, ulitikise. Likicheza, shuku tairodi endi au reki. Kisha shika juu na chini, ulitikise tena. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Ulegevu ukitoweka, kosa ni la beringi; ukibaki, kosa ni la boljointi au kingipini.

4. Kutazama. Chunguza raba zote za vumbi. Kagua tairodi kama zimepinda, hasa ikiwa gari limegonga kisiki au kuingia shimoni. Hakikisha kila nati yenye tundu ina pini yake ya kufungia. Tafuta nyufa kwenye chesisi karibu na boksi, na uvujaji wa oili kwenye mipira na maungio. Oili ikiwa imejaa ndani ya raba ya reki, kizuizi cha ndani kimekufa.

5. Kuzungusha hadi mwisho. Magurudumu yakiwa juu, zungusha usukani toka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto. Usikwame mahali popote, wala tairi lisiguse mpira wa breki. Usukani mgumu katikati na mwepesi pembeni aghalabu ni ishara ya boksi lililokazwa kupita kiasi ili kuficha ulegevu.

6. Kusoma matairi. Pitisha kiganja juu ya tairi toka ndani kwenda nje, kisha urudi. Likiwa laini upande mmoja na kukwaruza upande wa pili, magurudumu hayakuelekezwa sawasawa, na chanzo chaweza kuwa kiungo kilicholika au tairodi iliyopinda.

Hatua za kuchukua

Kiungo kilicholika hakitengenezwi, hubadilishwa. Hapa ndipo tunapokutana na kishawishi kikubwa, kwa kuwa kipuri kipya kina bei na moto wa kuchomelea hupatikana kila mahali. Lakini tairodi iliyopashwa moto ili inyooshwe hupoteza ugumu iliopewa kiwandani, na iliyochomelewa hubeba ufa usioonekana kando ya kovu lake. Huenda ikadumu mwaka mzima, huenda ikakatika kesho, na hapana dalili ya kutofautisha siku hizo mbili.

Unapobadilisha tairodi endi, hesabu mizunguko ya uzi unapoitoa, na uirudishe mpya kwa idadi hiyo hiyo. Kisha gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu. Kaza nati kwa kipimo cha kiwanda. Tundu la pini likikosa kulingana, kaza mbele kidogo hadi lilingane, wala usilegeze. Pini iliyotumika isitumike tena.

Ukaguzi huu hauhitaji zaidi ya saa moja, rula, chaki, jeki, stendi na mwenzako mmoja. Ufanye kila gari linapopelekwa kubadilishwa oili, na kila baada ya kugonga kitu kwa nguvu, hata kama usukani unahisiwa kuwa salama, kwani mkono huzoea, bali kipimo hakizoei.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini dereva wa siku zote hagundui ulegevu wa usukani.
2. Gurudumu linacheza likishikwa juu na chini, lakini likitulia breki inapokanyagwa. Kipuri gani kina kosa?
3. Usukani wenye kipenyo cha milimita 400 una ulegevu wa milimita 35. Ulegevu huo ni nyuzi ngapi?