Kujisamehe Ili Urudi kwa Watu Wako

Wengi wanaokuja kwa mshauri nasaha hawaji wakisema wameshindwa kujisamehe. Husema usingizi umepotea, hamu ya kazi imekwisha, au mke analalamika kwamba mume amekuwa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ukiwasikiliza kwa utulivu, mara nyingi unakuta nyuma yake kuna kosa la zamani ambalo mhusika hajalizungumza na yeyote. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa sana kuhusu hali hiyo, pamoja na majibu yangu.

Nitajuaje kwamba nimejitenga? Naishi na familia, naenda kazini, na watu wananiona mzima.

Mtu anaweza kuhudhuria harusi zote, kuchangia misiba na kuitikia salamu za jirani, na bado asiwepo mtu hata mmoja anayejua moyoni mwake kuna nini. Akiulizwa hali, jibu ni "salama tu", hata kama usiku hakupata lepe la usingizi. Jichunguze. Je, hubadilisha mazungumzo kila yanapokaribia kipindi fulani cha maisha yako? Kuna ndugu mmoja ambaye simu yake ikiita unaiacha iite hadi ikatike? Mwanao akikukumbatia, unahisi hustahili? Ukisifiwa, unajiambia kwamba wangekujua wasingesema hivyo?

Si kila ukimya ni kujitenga. Wapo walioumbwa wakimya na wana raha zao. Mkimya akiwa na mtu wake wa karibu hulegea. Aliyejitenga huwa anajilinda hata mbele ya mama yake mzazi.

Kwa nini kosa linamfanya mtu akimbie watu badala ya kwenda kuomba radhi?

Mwanasaikolojia wa Marekani June Tangney ametumia miaka mingi kuchunguza hisia mbili tunazozichanganya, yaani hatia na aibu. Mwenye hatia hulitazama tendo: nimefanya jambo baya. Mwenye aibu hujitazama yeye mzima: mimi ni mtu mbaya. Tafiti zake na wenzake zimeonyesha kwamba hatia humsukuma mtu kukiri na kufidia, ilhali aibu humsukuma kujificha, kukana, au kuwageukia wengine kwa ukali. Ndiyo maana baba aliyemaliza ada za watoto kwenye kubeti anaweza kuingia nyumbani akifoka. Majuto anayo, tena mengi, lakini anaogopa kutazamwa machoni.

Ipo pia sababu ya pili, ambayo haionekani kwa urahisi. Mtu hujinyima vicheko, urafiki na mapenzi akiamini kwamba kwa kufanya hivyo analipa. Namwomba kila mwenye imani hiyo ajiulize malipo hayo anayapokea nani. Mtoto ambaye baba yake hakuonekana kwa miaka mitano hapati chochote kwa baba huyo kurudi na kukaa sebuleni bila neno. Anachomdai ni baba mwenyewe. Kujifungia hakupunguzi deni hilo hata senti; kunaliongeza. Haya ndiyo ningependa msomaji ayabebe kuliko mengine yote: tunajisamehe ili tuweze kuwarudia wale tuliowakosea, na kuwapa kile tunachowanyima kila siku tunapojificha.

Lakini kujisamehe si njia ya kujitetea tu?

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2005 watafiti Julie Hall na Frank Fincham walichapisha makala iliyoonyesha kwamba wataalamu wa msamaha walikuwa wamechunguza sana kuwasamehe wengine na kuisahau nafsi. Humo walitenganisha kujisamehe kwa kweli na kule kwa bandia. Kule kwa bandia husema sikukosa, au kila mtu hufanya hivyo. Kule kwa kweli huanza na maneno mazito: nilifanya, na fulani aliumia.

Kipimo rahisi ni kusikiliza kinachofuata baada ya kukiri. Anayesema "nilitumia fedha za kikoba, lakini na wenzangu nao walinitenga" bado anajitetea. Anayesema "nilikuwa mweka hazina, nikatumia fedha za kikoba, na akina mama kumi na wawili wakakosa mgao wao" ameanza safari.

Nimeshatubu kwa Mungu. Mbona moyo haujatulia?

Mambo ya dini mpelekee sheikh au padri wako. Mimi nitasema ninachokiona katika ushauri. Wanazuoni wa Kiislamu wanafundisha kwamba toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kama kuna haki ya mtu, kuirejesha au kumwomba akusamehe. Katika Kanisa Katoliki, anayeingia kwenye kitubio anatakiwa kuwa na majuto, kuungama na kufanya malipizi. Mara nyingi nakuta mtu ametimiza yote isipokuwa sehemu inayohusu binadamu mwenzake. Amelia kwenye mswala au kanisani, lakini dada yake aliyedhulumiwa kiwanja hajasikia neno. Moyo kama huo una haki ya kutotulia.

Wapo pia waliotimiza kila kitu na mawazo bado yanawarudia. Hao nawaambia hiyo si dalili kwamba toba yao imekataliwa. Akili iliyozoea kujishtaki kila usiku kwa miaka haiachi tabia hiyo kwa siku moja.

Nifanye nini hasa?

Kwanza, liandike kosa kwa sentensi moja, bila kulipunguza wala kulikuza. "Nilichukua mkopo wa kausha damu bila mume wangu kujua, tukanyang'anywa samani" ni kosa. "Mimi ni mharibifu" ni hukumu, na hukumu haina pa kurekebishwa.

Pili, ichukue sehemu yako tu. Siku ile ulijua nini? Ulikuwa na uwezo gani? Nani mwingine alihusika? Usijihukumu kwa mambo uliyokuja kuyajua baadaye, na usimtwishe mwingine yale uliyoyajua tangu mwanzo.

Tatu, mwambie mtu mmoja mwenye kutunza siri: shangazi, rafiki wa kweli, kiongozi wa dini, mshauri. Usitafute wa kukusifia, tafuta wa kukusikiliza hadi mwisho. Aibu huishi kwa imani kwamba ukijulikana utaachwa, na hupungua nguvu pale mtu anapokujua asiondoke.

Nne, rekebisha. Radhi nzuri ni fupi: nilikosa kwa kufanya hili, najua limekuumiza hivi, na nitafanya hili kuanzia sasa. Kisha nyamaza, mwache aseme, hata kama atasema kwa hasira. Kama ni fedha, anza na kidogo unachokiweza kila mwezi kuliko kusubiri siku ya kulipa zote.

Tano, amua kujisamehe, na uwe tayari kuuthibitisha uamuzi huo mara nyingi. Profesa Everett Worthington wa Marekani, aliyeutafiti msamaha kwa miongo kadhaa, anatofautisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Uamuzi unaweza kuwa wa leo. Hisia hufuata kwa mwendo wake. Shutuma zikirudi saa nane usiku, jibu kwa yale uliyoyafanya: nimekiri, nimeanza kulipa, naendelea.

Niliyemkosea ameshafariki. Nitamwomba radhi nani?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na Worthington mwenyewe amelipitia. Mama yake aliuawa nyumbani kwake usiku wa kuamkia mwaka 1996, na mtafiti huyo aliweza kumsamehe muuaji. Kaka yake, aliyeukuta mwili wa mama yao, aliteseka kwa kumbukumbu hiyo hadi akajitoa uhai mwaka 2005. Worthington alijilaumu kwamba alishindwa kumsaidia, na akagundua kuwa kujisamehe yeye kulikuwa kugumu kuliko kumsamehe muuaji. Kutokana na mapito hayo aliandika kitabu kuhusu kujisamehe, kilichotoka mwaka 2013. Miongoni mwa hatua anazozitaja ni kurekebisha mahusiano, kupunguza kurudiarudia mawazo yale yale, kujikubali, na kuazimia kuishi kwa wema.

Wapo wengi kwetu walioko Muscat, Dubai au Ulaya ambao mzazi alizikwa wao hawakuweza kurudi. Kwao nasema: andika barua ya kumweleza marehemu yote, uisome kwa sauti kaburini ukipata nafasi, au mbele ya ndugu. Mwombee dua, toa sadaka kwa ajili yake, weka nia ya misa. Kama kuna haki yake, wapo warithi. Kisha mtazame aliye hai anayehitaji kile ambacho marehemu alikikosa kwako. Mama mdogo anayesubiri simu yako bado yupo.

Mume wangu alipoteza akiba yetu. Sasa hasemi, hali nasi, hatazami watoto. Nimsaidieje?

Pole sana, dada yangu. Kwanza, usijilazimishe kusamehe haraka ili yeye apate nafuu. Una haki ya kuumia na kusema umeumia. Unachoweza kukiepuka ni kumwita kwa kosa lake. "Umemaliza akiba yetu, na ninataka tupange namna ya kuirudisha" ni maneno makali yanayomwachia pa kusimama. "Wewe si mwanamume" humrudisha alikojificha.

Mpe kazi ya kurekebisha, tena iliyo wazi: aonyeshe madeni yote, simu ya fedha iwe wazi kwenu wote wawili, kila mwezi kiasi fulani kirudi. Mrudishe pia kwenye majukumu madogo, kama kumpeleka mtoto shule. Kama kubeti kumemshinda kabisa, hilo ni tatizo linalohitaji tiba, na mapenzi yako peke yake hayatoshi.

Nikijisamehe, si nitarudia?

Watu wengi hudhani ukali dhidi ya nafsi ndio unaomnyoosha mtu. Mwaka 2010 Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza. Waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya mtihani uliofuata. Sababu inaeleweka. Anayejichukia kwa kutosoma hulikwepa daftari kwa kuwa linamkumbusha aibu yake. Aliyejisamehe anaweza kulifungua. Kosa la kuahirisha masomo ni dogo kuliko mengi ya haya tunayozungumza, lakini mkondo huo wa kukwepa nauona hata kwenye makosa makubwa.

Nilidhalilishwa nikiwa mtoto, na hadi leo najilaumu. Nijisamehe vipi?

Ndugu yangu, hapa hakuna kosa lako la kusamehewa. Mtoto aliyedhalilishwa hakukosa kwa kunyamaza, kwa kuogopa, wala kwa kupokea zawadi. Vivyo hivyo mama aliyempoteza mtoto kwa ugonjwa licha ya kumkimbiza hospitali. Kazi yenu ni kuirudisha lawama kwa anayestahili, au kukubali kwamba msiba hauna mwenye kulaumiwa. Kazi hiyo ni nzito. Ifanye na mtaalamu, usiifanye peke yako.

Kuishi bila kujificha kunanidai niwaeleze watu wote?

Hapana. Stara ni jambo jema, na si kila mtaa unastahili kuijua historia yako. Wenye haki ya kuujua ukweli ni uliowakosea na wale ambao maisha yao yanategemea ukweli huo, kama mwenza unayetaka kufunga naye ndoa. Wengine hawakudai maelezo. Ila tofautisha kusitiri na kudanganya: unaweza kutosimulia jambo bila kutunga hadithi ya kulifunika. Anayeishi kwa ukweli hana maisha mawili ya kuyakumbuka, hata kama mengine ameyaweka kifuani.

Ni wakati gani wa kwenda hospitali?

Kama huzuni au kukosa hamu kumedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vimeharibika, unakunywa ili usahau, au unawaza kwamba afadhali usiwepo, nenda sasa. Mawazo ya kujidhuru ni dharura. Mwambie mtu aliye karibu akusindikize leo hii. Huduma zipo: Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari Nairobi, Butabika Kampala, na hospitali nyingi za mikoa na kaunti. Kumwona daktari wa akili hakukuvunjii heshima.

Kwa ambaye hajafika huko, wiki hii inatosha kwa mambo mawili: andika ile sentensi moja, na umchague mtu wa kumwambia. Huhitaji kwanza kujiona msafi ili uwarudie watu wako. Warudie huku ukirekebisha, kwa kuwa wanakuhitaji ungali hai.