Darasa la Leo: Mwenye Kisukari Jamvini Kwetu



Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze na mwenye kisukari, na sisi tunaomkaribisha futari.

Hebu tuhesabu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, hata asiye na maradhi, sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Sasa tazama jamvi letu: uji vijiko vitatu, juisi vijiko vitatu, halafu kaimati zilizolala kwenye shira. Tambi hujazigusa, na 25 umeshazipita! Na mihogo, viazi na magimbi, japo si vitamu mdomoni, tumboni vinageuka sukari vilevile.

Kwa mwenye kisukari, sukari hiyo inabaki kwenye damu. Leo huenda asisikie kitu. Miaka ikipita, macho, figo na miguu ndiyo vinavyolipa.

Je, tende? Mtume (S.A.W.) alifungua kwa tende, na akizikosa, kwa maji. Basi tende moja na maji, sunna umeipata. Uji unywe wa pilipili manga, bila sukari. Muhogo kipande kimoja, samaki na mboga ndiyo vijaze sahani.

Mchana pima. Kujitoboa kidole hakubatilishi saumu. Kipimo kikisoma chini ya 3.9, au zaidi ya 16.6, fungua hapo hapo, usingoje adhana. Ikiwa imeshuka, unatetemeka na jasho linakutoka, koroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji unywe. Saa hiyo sukari ndiyo dawa. Usione haya. Ruhusa ya mgonjwa kufungua ameitoa Mwenyezi Mungu mwenyewe, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Na dozi za dawa usizipange kwa kubahatisha, muone daktari.

Na wewe mwenyeji, acha ile "onja kidogo tu, ni baraka." Mgeni ataona aibu kukataa, atakula, na usiku ataumia peke yake. Jioni ya leo usitie sukari kwenye sufuria ya uji. Weka bakuli la sukari pembeni, kila mtu ajitilie mwenyewe. Hiyo nayo ni sadaka.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na azitakabali saumu zetu. Amin.