Ugonjwa Mmoja, Miili Tofauti: Nani Yuko Hatarini Zaidi, na Apelekwe Wapi?

Somo kwa vikundi vya kujisaidia. Mmoja asome kwa sauti, pole pole, halafu wote wajadili maswali yaliyo mwishoni.



Tuchukue mfano wa ploti moja hapa Munyaka. Baridi ya Julai imefika na kikohozi kimepita chumba hadi chumba. Kijana wa chumba cha kwanza anakohoa siku tatu, anakunywa chai ya tangawizi, anarudi mjengo. Mtoto wa miezi minne katika chumba cha tatu anashindwa kunyonya. Nyanya wa chumba cha saba, ambaye ana ugonjwa wa sukari, hawezi kuinuka kitandani. Kikohozi ni kile kile. Mbona mmoja amepona na hawa wawili wako hatarini?

Wengine husema ni bahati, na wengine husema kuna mkono wa mtu. Lakini yako mambo matatu yanayofanya ugonjwa mdogo ugeuke mkubwa: hali ya mwili, mahali tunapoishi, na muda tunaopoteza.

1. HALI YA MWILI

Watu hawa wakiugua, tusingoje tuone:

- Mtoto wa chini ya miaka mitano, hasa wa chini ya miezi miwili, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au ambaye amekonda.
- Mama mjamzito, na mama aliyejifungua majuzi.
- Mzee wa miaka 60 na zaidi.
- Mwenye sukari, presha, pumu, ugonjwa wa moyo, wa figo au selimundu.
- Mwenye virusi vya Ukimwi, hasa kama hatumii dawa zake kila siku.

Tulijifunza somo hili kwa uchungu wakati wa Covid-19. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wako walioambukizwa bila hata kujua, lakini wazee, na wale wenye sukari, presha na unene kupita kiasi, ndio waliolemewa zaidi.

Shida ya presha ni kwamba haipigi hodi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka akijisikia mzima. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudia hivyo siku nyingine, huyo anahitaji kufuatiliwa na daktari. Mwaka wa 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari. Mhudumu akipita kwako, usimwambie "mimi siumwi". Nyoosha mkono upimwe.

2. MAHALI TUNAPOISHI

Chumba kimoja, watu sita, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, na jiko la makaa liko ndani. Moshi huchosha mapafu, na mapafu yaliyochoka ndiyo hupata nimonia upesi. Zaidi ya hayo, jiko la makaa likiachwa likiwaka usiku ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake yenye sumu huua watu wakiwa usingizini. Haina harufu. Jiko lilale nje.

Jambo la pili ni malaria. Eldoret iko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na malaria si ya kila siku kama kule Busia au Kisumu. Watu hudhani hiyo ni salama tupu. Kumbe mwili usiozoea malaria haujui kupigana nayo, na hata mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuzidiwa haraka. Kwa hiyo ukisafiri kwa mazishi au likizo huko chini, lala ndani ya neti. Ukirudi na homa, hata baada ya wiki mbili au tatu, mwambie daktari, "Nilikuwa safari mahali fulani." Upimwe damu kwanza. Usinunue dawa ya kubahatisha.

3. MUDA TUNAOPOTEZA

Kuna kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza, kuchelewa kuamua: "Tungoje baba watoto arudi." Pili, kuchelewa kufika: ni saa nane usiku na hakuna pesa ya boda boda. Tatu, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huko kwa tatu hatuna nguvu nyingi, lakini mbili za kwanza ziko mikononi mwetu.

Ukiona dalili hizi, ondoka saa hiyo hiyo:

- Mtoto hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri.
- Mtoto anapumua mbio, au kifua chake kinaingia ndani akivuta pumzi. Hesabu pumzi kwa dakika moja mtoto akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, hatari ni 60 na zaidi. Miezi 2 hadi 11, ni 50 na zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 na zaidi.
- Mama mjamzito anatokwa damu, anaumwa na kichwa sana, haoni vizuri au amevimba uso.
- Mtu mzima anashindwa kupumua, kifua kinabana, mdomo umekwenda upande, au mkono mmoja umekufa ganzi ghafla.

APELEKWE WAPI?

Hospitali zetu zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 1 ni mhudumu wa jamii, nyumbani kwako. Ya 2 ni zahanati, na ya 3 ni kituo cha afya: huko ndiko kwa chanjo, kliniki ya wajawazito, homa na kuhara. Ya 4 na ya 5 ni hospitali zenye vitanda na upasuaji. Ya 6 ni ya rufaa ya taifa, na sisi tunayo mlangoni: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza kama hospitali ndogo mwaka wa 1917.

Kwa kuwa iko karibu, wengi hukimbilia huko hata kwa mafua, wakapanga foleni kutwa. Wengine hufanya kinyume: mgonjwa mahututi anazungushwa kwenye duka la dawa siku tatu. Yote mawili si mazuri. Ugonjwa wa kawaida, anza chini. Dalili za hatari, nenda moja kwa moja penye hospitali iliyo wazi usiku na mchana, na ubebe kadi ya kliniki na dawa anazotumia mgonjwa.

Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilibadilishwa na SHA. Kujiandikisha ni kwa kupiga *147# kwenye simu. Huduma za ngazi ya 2 na ya 3 katika vituo vilivyoandikishwa hulipiwa na serikali, lakini kulazwa hospitali kunahitaji mchango wa familia uwe umelipwa. Usingoje kujiandikisha ukiwa kwenye lango la hospitali.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Chama kinachoweza kununua sufuria kinaweza kuokoa uhai. Kila mkutano, kila mtu aweke kidogo kando kwenye mfuko wa dharura, usioguswa kwa jambo lingine. Kubalianeni na mwenye boda boda au gari mmoja au wawili watakaoitika usiku, walipwe na mfuko kesho yake. Mweka hazina awe na msaidizi, ili mgonjwa asingoje mtu aliyesafiri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba zetu, ni akina nani walio kwenye orodha ya kwanza? Majirani zao wanajua?
2. Usiku wa leo mtoto akizidiwa, nani ataamua, na pesa ya safari itatoka wapi?
3. Ni wangapi kati yetu hawajapimwa presha mwaka huu?
4. Ni wangapi hawajajiandikisha SHA? Nani atawasaidia kabla ya mkutano ujao?

Msimalize mkutano kabla ya kuandika majibu ya swali la pili kwenye kitabu cha kikundi, pamoja na jina na namba ya simu ya atakayepigiwa.