Bosi amekataza wazazi wasiambiwe kwamba mradi unakwisha

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Pweto, Kongo. Tulivuka kuingia Zambia mwaka 2017 tukikimbia vita, tukapokelewa katika kituo cha Kenani, baadaye tukapewa kiwanja katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Sasa nafanya kazi na shirika moja linalosaidia wanafunzi na familia zao, wakimbizi na wenyeji pia. Natembelea nyumba kwa nyumba, tena natafsiri. Mikutano huendeshwa kwa Kibemba au Kiingereza, nami nawaeleza kwa Kiswahili akina mama waliotoka Kongo. Nalipwa posho ya motisha, si mshahara kamili kama wenzangu Wazambia, lakini ndiyo inayotulisha.

Mwezi uliopita mkurugenzi alituita akatuambia mfadhili hatatoa fedha tena. Mradi utafungwa tarehe 31 Desemba. Alituonya tusimwambie mzazi yeyote hadi mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu wakijua wataacha kuja mikutanoni na ripoti ya mwisho itaharibika. Alisema pia kwamba huenda mfadhili mwingine akapatikana, kwa hiyo tusiwatie watu hofu.

Juma lililopita nilikwenda Kashikishi kwa mama mmoja mchuuzi wa samaki. Binti yake yuko darasa la saba, ana akili sana. Nilimkuta anageuza samaki kwenye kichanja, moshi unamtoa machozi. Akaniambia, "Dada, mwakani huyu akienda sekondari mimi sina wasiwasi. Pesa ya samaki nitanunulia bati, maana kwa mambo ya shule nyinyi mpo." Nikamjibu, "Tupo, mama." Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikisema, nitapoteza kazi kabla ya wakati, tena mimi ni mkimbizi. Nikinyamaza, namdanganya mtu anayeniamini. Nifanye nini?

Mwenye Siri, Mantapala

* * *

Mwanangu,

Nianze na jibu, maana siku zinakwenda. Wazazi waambiwe, na waambiwe kabla Oktoba haijaisha. Njia ya kufika hapo bila kujiangamiza ipo, na nitakueleza. Lakini kwanza nataka uone kwa nini nimeitaja Oktoba.

Wewe unafanya kazi kando ya Ziwa Mweru, unaijua kalenda yake kuliko mimi. Kila mwaka uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Shule nazo hufungua muhula wa kwanza Januari, katikati ya marufuku hiyo. Yaani mzazi wa wilaya yenu ya Nchelenge anatakiwa kununua yunifomu, viatu na madaftari katika miezi ambayo nyavu zimepandishwa na mkono hauna kitu. Ni miezi hiyohiyo ambayo mahindi ya mwaka jana yanakwisha na ya mwaka huu bado mabichi shambani. Familia nyingi huvuka Januari kwa akiba ya Oktoba na Novemba.

Sasa mtazame yule mama wa Kashikishi. Akiambiwa Oktoba, bado ana wiki kadhaa za kuuza samaki, na pesa ya bati bado iko mkononi mwake. Anaweza kusema paa lisubiri, mtoto kwanza. Akiambiwa Desemba, bati limeshapigiliwa, ziwa limefungwa, na hana pa kwenda ila kukopa au kumwacha binti nyumbani. Mkurugenzi anadhani anachelewesha habari mbaya tu. Kwa mama huyu, anachomnyang'anya ni muda wa kujiandaa, na muda huo mfadhili hakuununua. Ulikuwa wake.

Nimezipima sababu za bosi wako, maana sitaki kumhukumu mtu asiyekuwepo. Kwamba mfadhili mwingine anaweza kupatikana, inawezekana kabisa. Basi wazazi waambiwe hivyohivyo: fedha tulizonazo zinaisha Desemba, tunaomba nyingine, hatuwezi kuahidi. Mtu mzima aliyevuka mpaka na watoto mgongoni anaweza kuubeba ukweli wenye "labda" ndani yake. Ameshabeba mazito zaidi ya hayo.

Sababu ya ripoti ndiyo siikubali. Mama akiacha shamba lake kuja mkutanoni kwa sababu amefichwa jambo ambalo lingemfanya aamue vingine, ametumiwa ili safu ya mahudhurio ijae. Na shirika liliandikishwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya safu hiyo.

Najua katika kazi yenu mnafundishwa kutunza siri, na vizuri. Mtoto anayeishi na virusi, binti aliyefanyiwa ukatili, baba anayempiga mkewe: hayo hayatoki mdomoni mwako hata kwa kisu. Lakini jiulize siri inamlinda nani. Hizo zinailinda familia dhidi ya watu. Hii ya sasa inailinda ofisi dhidi ya familia. Ndiyo maana zile unazitunza unalala, na hii inakunyima usingizi. Dhamiri yako imetofautisha vizuri.

Kuna jambo jingine la kukupa nguvu. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, mashirika mengi duniani yaliamriwa kuacha kazi papo hapo. Wafanyakazi wengi walioishi kati ya familia kama unavyoishi wewe hawakupata hata nafasi ya kwenda kuaga. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo, shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Ninyi mmepewa miezi. Ni bahati ambayo wengi hawakuipata, na itakuwa aibu kuipoteza kwa kunyamaza.

Basi fanya hivi.

Kwanza, usiende peke yako. Tafuta mwenzako mmoja au wawili wanaosikia uchungu unaousikia, na naamini wapo. Bora mmoja awe Mzambia mwenye mkataba, ili neno lisionekane limetoka kwa mkimbizi mmoja anayeweza kuondolewa kimyakimya. Mwandikieni mkurugenzi barua fupi ya heshima. Msimtuhumu. Mwombeni aitishe mkutano wa wazazi kabla ya mwisho wa Oktoba, mtaje marufuku ya uvuvi na kufunguliwa kwa shule, na mjitolee kuuandaa. Mkumbusheni Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu, kilichotolewa mwaka 2014 na kupitiwa upya mwaka 2024, ambacho mashirika mengi yamekikubali. Kile cha 2014 kinataka mpango wa kuondoka uandaliwe tangu hatua za mwanzo, na watu wanaosaidiwa wapewe habari na washirikishwe katika maamuzi yanayowagusa. Bosi akiona mnamwomba atimize jambo ambalo huenda shirika lake limelikubali kwa maandishi, atawasikiliza kwa sikio jingine. Bakini na nakala ya barua.

Pili, mkutano usiwe wa msiba. Andaeni kitu cha kuwapa wazazi mkononi. Tangu mwaka 2022 serikali ya Zambia imefuta ada katika shule za umma, za msingi na sekondari, kwa hiyo kinachobaki ni yunifomu, viatu, madaftari, nauli, na gharama za bweni kwa wanaokwenda mbali. Viandikeni vyote na bei ya kila kimoja hapo Nchelenge, ili kila mzazi aone mlima wake una urefu gani. Wenyeji waelekezeni kwenye mfuko wa maendeleo wa jimbo la uchaguzi, CDF, ambao mwaka 2022 ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo. Sehemu yake huwalipia wanafunzi wa bweni wasio na uwezo. Maombi hupitia kamati ya kata na halmashauri, nayo yana tarehe zake za mwisho. Mzazi asiyejua kusoma mtamjazia fomu ninyi, na hiyo iwe kazi yenu ya Novemba. Familia zinazopokea fedha za ustawi wa jamii na zenye binti wa sekondari, waulizieni mpango wa serikali wa kuwabakiza wasichana shuleni. Familia za wakimbizi zipelekeni mapema kwa ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi na UNHCR, kabla kila mtu hajafika siku moja na kilio kimoja.

Watoto walio hatarini wasiachwe kwenye makabati. Kila faili la mtoto mnayemfuatilia kwa ukatili, ndoa ya mapema au kutelekezwa likabidhiwe afisa ustawi wa jamii wa wilaya, mkono kwa mkono, mzazi au mlezi akijua. Mradi ukifungwa na faili likabaki limefungiwa ofisini, mtoto huyo amepotea.

Tatu, bosi akikataa. Hapo utaanza na jambo dogo ambalo hakuna mkataba unaoweza kukuzuia: utaacha kusema uongo. Hutasema tena "tupo". Mzazi akikuuliza habari za mwakani, mjibu hivi: "Mama, kwa mwakani siwezi kukuahidi kitu. Jiandae kana kwamba hatutakuwepo." Hujatoa karatasi ya ofisi, hujamtaja mfadhili, wala hujasema jambo lisilo kweli. Mwenye masikio atasikia. Wakati huohuo, wewe na wenzako ipelekeni ile barua ngazi ya juu, kwa bodi ya shirika au kwa njia ya malalamiko ambayo wafadhili wengi huiweka. Msiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Ikifika huko, kabla ya jioni itakuwa imegeuka kuwa uvumi kwamba mmekula pesa za watoto.

Na usiwaambie ndugu zako na marafiki kwanza huku wengine wakisubiri. Mantapala watoto wa Kongo na wa Zambia wanakaa dawati moja. Habari hii ikiwafikia wa upande mmoja kabla ya wengine, mtavunja kitu kilichojengwa kwa taabu tangu makazi hayo yafunguliwe mwaka 2018. Wote wasikie siku moja, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kutoka kinywa cha mkurugenzi, nawe ukitafsiri neno kwa neno bila kulainisha.

Kuhusu yule mama wa Kashikishi, usingoje mkutano. Ahadi ni deni, na hili umelikopa wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Rudi kwake juma hili. Mwambie, "Juzi nilikujibu haraka. Mambo ya mwakani siyajui, na nisingependa uyatumaini. Tafadhali tenga pesa ya shule kwanza." Zungumza naye binti asipokuwepo, maana ana mtihani mbele yake na hastahili kuingia nao akiwa na hofu hii. Mama anaweza kukasirika. Mwache akasirike, usijitetee, wala usimlaumu bosi ili upate huruma yake. Hasira ya leo itapoa mapema kuliko ile ambayo angekuwa nayo Januari.

Usije ukamwahidi kumlipia kutoka mfukoni mwako. Najua umelifikiria. Posho ya motisha haiwezi kubeba watoto wa wilaya nzima, na ukimbeba mmoja kwa siri, kumi watafika mlangoni usiku. Msaada wako kwake ni habari ya kweli na fomu iliyojazwa vizuri.

Sasa wewe mwenyewe, maana katika barua yako umejifikiria kidogo tu. Unapoteza kazi Desemba, useme usiseme. Omba barua inayoeleza kazi uliyofanya na muda wake, yenye sahihi na muhuri, kabla ofisi haijaanza kufungasha. Wenzako wenye mikataba waisome Sheria ya Ajira ya mwaka 2019, ambayo inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya siku zisizopungua 30. Wewe wa motisha uliza kwa maandishi unastahili nini. Nawe pia tenga akiba kuanzia sasa, kwa ajili ya Januari yako na wanao wawili.

Hofu yako ya kuondolewa mapema si ya kipuuzi, wala sitakuambia haiwezi kutokea. Ndiyo maana nimesisitiza mwende zaidi ya mmoja, kwa maandishi na kwa heshima. Lakini pima na upande wa pili. Shirika likifunga milango, mkurugenzi atahamia kwingine. Wewe utabaki Mantapala. Utakutana na wazazi hawa sokoni Kashikishi, kwenye foleni ya Hospitali ya St Paul's, na kanisani. Na siku shirika jingine likija kutafuta mtu wa kuingia majumbani, litawauliza wao ni nani wanayemwamini.

Kwa hiyo mtafute mwenzako kesho, na barua iwe mezani kwa mkurugenzi Jumatatu.

Shangazi