Kuuza nyumba Tunduma bila karatasi za umeme

Mama aliyekuja kuangalia nyumba ya marehemu baba pale Sogea hakuwa na neno na bei. Alizunguka vyumba vyote, akagonga kuta kwa ngumi, akauliza maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kisha mpwa wake, kijana mwembamba aliyesomea umeme VETA, akaingia bafuni, akainua macho kwenye shawa ya maji moto na kusimama hapo kwa muda ambao dalali hakuupenda. Alipotoka aliuliza jambo moja tu. "Samahani dada, karatasi za wiring ziko wapi?"

Hazikuwepo. Fundi aliyefunga umeme hakumwachia baba mchoro, fomu yenye muhuri wala risiti. Aliacha namba ya simu, na hiyo namba sasa anayo mtu mwingine kabisa. Dalali akaruka haraka, "Mama yangu, nyumba inawaka taa, karatasi za nini?" Kijana akamtazama bila kumjibu. Nilimchukia kijana yule siku hiyo, lakini leo ningemwajiri.

Walioko Dar huenda wakashangaa shawa ya umeme kuvunja biashara ya nyumba. Waje Tunduma mwezi Juni au Julai, wafungue bomba alfajiri, halafu tuongee. Huku maji moto hayahesabiwi kuwa anasa, na mnunuzi akikuta nyumba ina hita anaongeza bei bila kujijua. Shida ni kwamba shawa nyingi zinazouzwa hapa ni za wati 5,500 hivi. Kwa volti 230 hiyo ni karibu ampea 24, mzigo unaohitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye meni swichi, waya mnene, na breka yake. Muuzaji wa vifaa vya umeme mjini hakuulizi hayo. Anakufungia shawa kwenye mfuko, anakutakia safari njema. Ukimwomba waya wa milimita 6 anakuletea wa 2.5 na kuapa kwamba "huu ndio wanaotumia wote". Na hata huo ukwangue kwa wembe kabla hujalipa, maana ukiona weupe ndani ujue ni alumini iliyopakwa shaba.

Kwa hiyo, kama nyumba yako haina karatasi za umeme na unataka kuiuza, nitakupa hatua tatu nilizopita mimi. Mambo ya usimamizi wa mirathi mahakamani, ridhaa ya mwenza, wakili, na kodi ya ongezeko la mtaji pale TRA mnayajua, au wakili wenu anayajua. Siyarudii.

Hatua ya kwanza ni kujua mita ni ya nani. Msitegemee kumbukumbu za familia. Nenda kwa wakala anayetoa risiti ya karatasi, nunua umeme wa hela ndogo, usome kila mstari. Utaona VAT asilimia 18, utaona REA na EWURA, utaona kodi ya majengo ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na tangu Julai 2023 ni 1,500. Utaona deni kama lipo. Na utaona jina.

Jina lililokuwa kwenye risiti yetu halikuwa la baba. Kaka yangu alilisoma mara mbili, halafu akacheka cheko la hasira. Lilikuwa la yule fundi. Kumbe alikuwa kishoka wa kawaida tu. Aliomba umeme kwa jina lake, akaazima muhuri wa fundi mwenye leseni, akachukua hela ya baba, na miaka yote hiyo baba alikuwa analipia umeme wa mtu mwingine nyumbani kwake. Tulimpata kupitia shemeji yake anayebadilisha kwacha kule mpakani. Alikuja amevaa koti zuri, akanywa chai yetu, kisha akasema yuko tayari "kutuachia mita" kwa laki tatu.

Nilikuwa nimeshauliza TANESCO kabla hajafika, kwa hiyo nilimwacha amalize kikombe. Mita ni mali ya TANESCO. Yeye hana cha kutuachia, na jina hubadilishwa kwa nyaraka za umiliki, kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Nilimwambia hayo taratibu, nikaongeza kwamba mita iliyoko kwa jina lake, ikikutwa na deni au imechezewa, wa kwanza kutafutwa ni yeye. Alisaini barua ya kukubali jina libadilishwe akiwa amesimama. Hakumaliza mkate.

Hatua ya pili ndiyo iliyoniuzia nyumba, na sijamsikia dalali hata mmoja akiisema. Usianze kumtafuta fundi wa zamani akuandikie karatasi za uongo za tarehe za nyuma. Anza kwa kuchora wewe mwenyewe umeme unapita wapi. Unahitaji redio yenye sauti kubwa, chaja ya simu, karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito.

Chora ramani ya nyumba kwenye manila, kila chumba, kila soketi, kila taa. Zipe namba. Kisha chomeka redio kwenye soketi ya kwanza, fungulia mpaka majirani wajue habari za saa saba, nenda kwenye ubao wa breka, zima moja moja. Redio ikinyamaza, umeshampata bwana wake. Andika. Huhitaji msaidizi wa kupiga kelele "bado! bado!" kutoka chumbani. Redio inafanya kazi hiyo na haichoki. Kwa soketi mbovu mbovu ambazo redio haishiki vizuri, tumia chaja yenye taa. Taa za dari ni rahisi, washa zote, zima breka, zunguka uone zipi zimekufa.

Ukimaliza utashangaa. Kwetu breka iliyoandikwa "JIKO" ilizima sebule. Soketi ya chumba cha wageni ilikuwa inakula kutoka kwenye taa ya nje. Na shawa, hapo ndipo nilipoelewa kijana aliona nini. Nilipozima breka ya taa za vyumbani, kitaa chekundu cha shawa kikazimika. Wati 5,500 zilikuwa zinapita kwenye waya wa taa wa milimita 1.5. Fundi tuliyemwita baadaye alifungua kifuniko kidogo darini, juu ya mlango wa bafu. Plastiki ya waya ilikuwa imegeuka kahawia na ngumu kama ganda la muwa, na ule waya wa kijani na njano wa kwenda ardhini ulikuwa umekatwa na kukunjiwa ndani, haujafungwa popote. Baba aliogea hapo kila asubuhi.

Faida ya ile manila ni kwamba fundi hakuja kubahatisha. Mafundi wanaolipwa kwa siku wanapenda nyumba isiyo na mchoro, maana siku ya kwanza yote inaishia "kufuatilia laini". Huyu alitandika ramani yangu mezani, akatia alama sehemu nne, akaniambia gharama papo hapo. Nilimpata kwenye orodha ya mafundi wenye leseni inayowekwa na EWURA, na kabla hajashuka kwenye bodaboda nilishaiona leseni yake na daraja lake. Alivuta waya wa milimita 6 kutoka kwenye ubao hadi bafuni, akaweka breka ya ampea 32 ya shawa peke yake, akazika nondo mpya ya shaba nyuma ya nyumba. Kisha akapima kwa mega, kile kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizozimwa kuona kama zinavuja. Kipimo kisipungue megaohmu 1. Laini moja iligoma, akaibadilisha, akapima tena. Akaandika vipimo vyote, akachora mchoro safi akifuata wa kwangu, akagonga muhuri wenye jina lake mwenyewe.

Wakati huo dalali alikuwa hajakaa bure. Alituletea mfanyabiashara kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwenye noti nzito, asiyetaka karatasi yoyote, ila anunue kwa jina la mke wa rafiki yake wa Tunduma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na nyumba ya vyumba vinne Sogea si uwekezaji. Nikakataa. Akaja na wimbo mwingine, kwamba tupandishe bei kwa sababu ya TAZA, ile njia ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Utadhani tutachomeka pasi kwenye mnara.

Hatua ya tatu ilikuwa nimweleze mnunuzi. Sikueleza kitu. Yule mama alipokuja na mpwa wake nilitandika manila, mchoro na vipimo juu ya meza, kijana akachukua redio, akaenda kujaribu namba alizozichagua yeye. Tulikaa na mama sebuleni tukisikia habari zinakatika na kurudi, kutoka chumba hadi chumba. Aliporudi alimwambia shangazi yake, "Ya bafuni iko sawa." Mama akaomba tupunguze laki tano. Tukapunguza mbili, akalipa kwa wakili wiki hiyo hiyo, na jina la mita likaenda moja kwa moja kwake bila kupitia kwetu.

Dalali anadai asilimia kumi ya bei ya kwanza, si ya baada ya punguzo. Hilo bado tunabishana.