REJISTA YA SHULE NA KAZI YAKE

Muhula uliopita kiranja mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniletea daftari la mahudhurio la darasa lake, akaniuliza swali ambalo sikumjibu vema. Alisema, "Mwalimu, sisi wenyewe twajua kuwa tumo darasani. Kwa nini basi tuitwe majina kila siku kama wafungwa?" Nilikuwa na haraka ya kipindi; nikamwambia kuwa ndivyo sheria itakavyo, nikaenda zangu. Jibu lile ni la kweli lakini halitoshi. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri nafasi katika gazeti hili nimjibu yeye na wenzake, na wazee wao pia, maana nusu ya rejista ya shule huandikwa kwa kauli za wazee.

Vitabu vyenyewe ni viwili, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni rejista ya uandikishaji. Hiki ni kimoja kwa shule nzima, wala hakiishi kwa mwaka: kikijaa hufunguliwa kingine, na cha zamani huwekwa kabatini, hakitupwi. Kila mtoto akipokelewa hupewa namba, na namba hiyo hapewi mwingine hata kama mwenyewe amehama, amemaliza au amefariki. Mbele ya namba huandikwa jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, mahali anapokaa, shule atokayo na siku aliyoingia. Mwisho wa mstari huachwa nafasi tupu kwa ajili ya siku atakayotoka na sababu ya kutoka. Cha pili ni daftari la mahudhurio, nalo ni la kila darasa na la kila siku.

Kuandika mstari mmoja wa rejista ya uandikishaji si kazi nyepesi kama ionekanavyo. Mwezi Januari 2005 nilikuwa nikifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Kisarawe, nami nilipewa kazi ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza. Alikuja bibi mmoja na mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea huyu."

"Anaitwa nani?"

"Sisi twamwita Babu."

"Na jina la chuoni?"

Akanitajia jina la marehemu mumewe, maana mtoto alirithi jina la babu yake, na ndiyo sababu nyumbani walimwita Babu. Nikauliza jina la baba. Akanipa lakabu ambayo kijiji kizima walimjua nayo. Kadi ya kliniki ilikuwa na jina jingine kabisa. Nikauliza alizaliwa lini.

"Kazaliwa mwaka wa ile mvua kubwa, mihogo ilipotuozea shambani."

Mvua kubwa ni ya El Niño, iliyoanza mwishoni mwa 1997 ikaingia 1998. Nikauliza kama ilikuwa kabla ya mfungo au baada. Akajibu mara moja, bila kufikiri, "Mfungo mosi, siku chache baada ya Idi." Basi Idi ya mwaka ule ilikuwa mwisho wa Januari 1998, kwa hiyo mtoto alizaliwa mwezi Februari. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka saba. Wako watu wasemao kwamba wazee wa shamba hawajui tarehe. Mimi naona wanazijua. Ila kalenda yao si ile iliyotundikwa ofisini, na mwandikishaji asiyejua kuuliza ndiye mwenye kosa.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu makosa ya siku ile ya kwanza humfuata mtoto mpaka utu uzima. Jina lililoandikwa darasa la kwanza ndilo liendalo kwenye orodha ya watahiniwa ya Baraza la Mitihani, likatoka kwenye cheti cha Kidato cha Nne. Kijana akifika kuomba mkopo wa masomo ya juu hutakiwa cheti cha kuzaliwa, nacho hutolewa na RITA kwa jina la kwenye kumbukumbu za kizazi. Majina yakipishana, hata kwa herufi, huanza safari za kwenda kwa wakili kuapa kwamba Athumani na Othmani ni mtu mmoja. Nauli na ada huzilipa mzazi yule yule aliyesema siku ya kwanza, "Andika tu, mwalimu, tutarekebisha baadaye."

Sasa nije kwenye sheria, niipitie upesi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kila mtoto wa umri wa kusoma awe shuleni ifikapo 1977. Baada yake ikatungwa Sheria ya Elimu, Namba 25 ya 1978, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo tunayoitumia hata leo. Kifungu cha 35 kilifanya ni lazima kila mtoto aliyetimiza miaka saba na hajafika kumi na mitatu aandikishwe elimu ya msingi, na akishaandikishwa ahudhurie daima mpaka amalize. Na mzazi akapewa wajibu wa kuhakikisha hayo. Angalieni kwamba sheria imetaja mambo mawili, kuandikishwa na kuhudhuria. Ndiyo maana vitabu ni viwili. Na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la 2023, imepanga elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo ninyi wa Kidato cha Kwanza msidhani kuwa habari hizi ni za wadogo zenu tu.

Daftari la mahudhurio hujazwaje? Kwa kalamu ya wino, si ya risasi. Kwa kuita jina na kuutazama uso, si kwa kuhesabu vichwa. Na kwa saa ile ile kila siku. Desturi niliyofundishwa ni mshazari kwa aliyepo na sifuri kwa asiyekuwapo, kisha pembeni huandikwa sababu ikijulikana: mgonjwa, ana ruhusa, au mtoro. Alama ikikosewa haifutwi kwa ufutio wala haipakwi rangi nyeupe. Hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, huandikwa iliyo sahihi, na mwalimu hutia sahihi yake.

Hesabu ya juma nayo ni rahisi. Tuseme darasa lina wanafunzi 45. Kwa siku tano mahudhurio kamili ni 45 mara 5, yaani 225. Tuseme Jumatatu walikuja 41, Jumanne 43, Jumatano 44, Alhamisi 42, na Ijumaa 28. Jumla ni 198. Gawanya 198 kwa 225, zidisha kwa mia, utapata asilimia 88. Mwalimu mvivu huishia hapo, akaiandika 88 ukutani akafurahi. Lakini itazameni tena Ijumaa. Watoto 17 hawakuja! Asilimia ya juma zima imewaficha. Pengine siku hiyo ni ya gulio. Pengine ni msimu wa korosho, na katika sehemu nyingi za Kisarawe msimu huo huanguka miezi ya mwisho wa mwaka, mitihani ikiwa mlangoni. Kule Magindu na Kwala, upande wa Kibaha, ambako wako wafugaji, sifuri huongezeka malisho yanapokauka na mifugo kuhamishwa. Na kwetu pwani kuna sababu nyingine, ambayo wazee hawapendi itajwe: msichana akivunja ungo huweza kuwekwa ndani, na rejista huwa ya kwanza kuonyesha kwamba hayupo.

Hapa sina budi kusimulia aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu wa darasa katika shule nyingine, si hii, na darasa lilikuwa kubwa. Nilikuwa na tabia, nayo wanayo walimu wengi, ya kuliacha daftari mezani Jumatatu mpaka Alhamisi, kisha Ijumaa mchana kulijaza lote kwa mara moja. Waliojulikana kuwa watoro niliwapa sifuri mbili tatu, na waliojulikana kuwa wazuri niliwapa mshazari mfululizo. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa katika hao wazuri. Sikumbuki kama nilimwona juma lile. Nilimwandika yupo siku zote tano.

Juma lililofuata shangazi yake alikuja shuleni akilia. Binti alikuwa ameozeshwa kwa mtu wa kijiji cha mbali, na alikuwa kule tangu Jumanne ya juma lililopita. Jambo hilo ni kosa kubwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliingiza kifungu cha 60A, ambacho kinakataza mtu yeyote kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari au kumpa mimba, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Kifungu hicho hicho kinamtaka kila mkuu wa shule kuweka kumbukumbu za ndoa na mimba za wanafunzi na kupeleka taarifa kwa Kamishna wa Elimu, au mwakilishi wake, kila robo ya mwaka.

Mtu yule akashitakiwa. Katika kesi kama hizo jambo moja la kuthibitishwa ni kwamba msichana alikuwa mwanafunzi, na uthibitisho huo hutoka shuleni. Rejista ya uandikishaji ilipelekwa, nayo ilikuwa safi: namba, jina, siku ya kuingia. Kisha likatolewa daftari langu. Wakili wa mshitakiwa alilifungua taratibu, akanionyesha mshazari wa Jumanne, wa Jumatano, wa Alhamisi na wa Ijumaa, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni kalamu yako?" Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo siku hizi nne binti alikuwa darasani kwako?" Kama ningesema ndiyo, shangazi angekuwa mwongo. Kama ningesema la, daftari lingekuwa la uongo, na mimi pamoja nalo. Nikasema la. Kuanzia hapo kila neno la shule lilitiliwa shaka, na mwishowe mtu yule akaachiwa. Msichana hakurudi shuleni. Nimesikia kuwa ana watoto wawili.

Kiranja wangu, hilo ndilo jibu ambalo ningalikupa siku ile.

Ziko kazi nyingine za rejista ambazo nitazitaja kwa ufupi. Moja ni fedha. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada katika shule za Serikali mpaka Kidato cha Nne, na kuanzia Januari 2016 ruzuku ya uendeshaji ikawa ikihesabiwa kwa Sh. 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na Sh. 25,000 kwa wa sekondari, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Basi shule ya sekondari ikiacha majina 40 ya watoto waliokwisha kuondoka, imeombewa Sh. 1,000,000 ya watu wasiokuwapo. Katika uhakiki wa mwaka 2016 yalipatikana maelfu ya majina ya namna hiyo, yakaitwa wanafunzi hewa. Jaribu hili si la kwetu peke yetu. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1862, shule zililipwa shilingi nne kwa kila mtoto kwa wastani wa mahudhurio, na haikuchukua muda walimu wengine wakaanza kuwaandika waliokuwa kitandani wagonjwa. Mahali popote ambapo alama ya wino hugeuka kuwa fedha, mkono wa mwandishi hutetemeka.

Kazi nyingine ni uhamisho. Kibaha iko njiani, kwenye barabara ya Morogoro, na wazazi huhamia na kuhama kila muhula. Siku hizi mtoto wa shule ya msingi hupewa namba yake katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na uhamisho hupitia humo. Hata hivyo mzazi akimwondoa mtoto kimya kimya akampeleka kwa mjomba Mlandizi au Maneromango, jina hubaki shule ya kwanza kama mtoro, na shule ya pili hana namba. Nimepata kumwona mtoto anayesoma kila siku, na mwenye bidii, ambaye kwa kitabu hakuwa popote.

Wengine wameniuliza kama mtu yeyote aweza kuja kuisoma rejista. Hawezi. Ndani yake mna umri wa watoto, makazi yao na habari za nyumbani kwao, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hilo limewekewa masharti. Mzazi aweza kuomba kuonyeshwa mstari wa mwanawe, na ningependa wengi zaidi waombe.

Na kwa kuwa Januari i karibu, nawaomba wazee watakaoleta watoto wa Kidato cha Kwanza waje na cheti cha kuzaliwa, si nakala iliyofifia. Wakae kwenye kiti mpaka mwalimu amalize kuandika, kisha waombe wasomewe mstari wote kwa sauti, herufi kwa herufi, kabla hawajaondoka. Kama jina la baba ni la lakabu, semeni siku hiyo hiyo. Daftari la darasa langu hufungwa saa mbili na robo asubuhi, nami sasa hulijaza mwenyewe, nikiwa nimesimama.