Nyimbo za Watumwa wa Marekani

Watumwa weusi wa Marekani walikatazwa kusoma katika majimbo mengi ya kusini. Basi habari zao wakazitunza katika nyimbo. Waliimba juu ya utumwa wa Israeli huko Misri, kumbe waliutaja utumwa wao wenyewe.

Mwaka 1871 shule ya Fisk, mjini Nashville, ilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa fedha. Vijana tisa wakatoka kuimba mijini, wengi wao wamezaliwa utumwani. Kwanza waliona haya kuziimba nyimbo za wazazi wao mbele ya wageni. Walipoziimba, watu walilia. Na kwa fedha zilizopatikana jengo kubwa la shule likajengwa, likafunguliwa mwaka 1876.

Twajifunza nini? Jambo walilolionea haya limekuwa heshima yao. Nasi tusizidharau nyimbo za wazee wetu kabla ya kuzisikiliza.